Mrejesho: tableti iliyokuwa inaandika inachaji huku chaji inashuka

Wakuu nimerudi na mrejesho kama nilivyoahidi. Kwa ambaye hakuona mwanzo, niliuliza kuhusu tableti yangu ya Android ya bei poa, nikiichomeka inaandika inachaji ila asilimia zinashuka, naiacha usiku na 40 asubuhi naikuta 31. Wengi mlisema betri imekufa na nilishaanza kutafuta nyingine, bahati mmoja wenu akasema nicheki kwanza tundu la chaji. Nikaizima, nikachokonoa taratibu na kijiti cha meno cha mbao huku namulika tochi, aisee limetoka donge la vumbi la kwenye begi limeshindiliwa mpaka waya ulikuwa hauzami wote. Hapo ikaanza kupanda ila kwa kujikokota sana. Kumbe na mimi nilikuwa naichajia kwenye USB ya kompyuta, ile ya kawaida inatoa ampea 0.5 tu, wakati adapta yake imeandikwa ampea 2. Nimerudi kwenye adapta na waya mfupi mnene, sasa masaa manne imejaa na betri ni ileile. Msitumie sindano jamani, chuma kinaweza kupiga shoti. Asanteni sana, hasa wewe uliyetaja tundu.