Mkakati mseto: kwa nini uwezekano wa mchezaji unatokana na malipo ya mpinzani wake?

Fumbo aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, ninajisomea nadharia ya michezo na nimefika kwenye michezo isiyo na msawazo wa Nash (hali ambayo hakuna mchezaji anayefaidika kwa kubadilika peke yake) katika mikakati halisi, yaani ya kuchagua jambo moja bila kuchanganya, ambamo kila mchezaji hana budi kuchanganya mikakati yake kwa uwezekano fulani. Mfano ninaoufanyia kazi ni wa mkwaju wa penalti. Mpigaji anachagua kupiga kushoto au kulia, na kipa, kwa wakati uleule, anachagua aruke upande gani (pande zote nazihesabu kwa jicho la mpigaji). Tarakimu nimejitungia mwenyewe: akipiga kushoto, mpigaji hufunga mara 50 katika 100 ikiwa kipa ameruka kushoto, na mara 80 ikiwa ameruka kulia, akipiga kulia, hufunga mara 90 ikiwa kipa ameruka kushoto, na mara 60 ikiwa ameruka kulia. Faida ya mpigaji ndiyo hasara ya kipa.

Kanuni ninayoikuta kila mahali inasema uwezekano wa mpigaji upatikane kwa kusawazisha malipo ya kipa, na uwezekano wa kipa kwa kusawazisha malipo ya mpigaji. Kuikokotoa naweza, ila sababu yake siioni, kwa kuwa mtu anayetaka kufunga angetarajiwa kuangalia anachopata yeye. Pili, nikimwongezea mpigaji mkakati wa tatu, wa kupiga juu, chini kidogo ya mtambaa wa panya, ambao hufunga mara 65 katika 100 kipa aruke upande wowote, milinganyo inagombana: mmoja unanipa q (uwezekano wa kipa kuruka kushoto) ya 1/2 na mwingine unanipa 1/6. Je, mchezo huo hauna msawazo?

Kipimo alijibu:

Ndugu Fumbo, anza kwa kujiuliza ni lini mchezaji mwenye akili timamu hukubali kuchanganya. Kama kupiga kulia kunamlipa kuliko kupiga kushoto, atapiga kulia kila mara, na habari ya kuchanganya itakuwa imekwisha. Kwa hiyo mpigaji anayechanganya ni yule ambaye, kwa jinsi kipa anavyoruka, pande zote mbili zinamlipa sawasawa. Na anayeuleta usawa huo ni kipa, maana malipo ya kila upande wa mpigaji hupanda na kushuka kwa q ya kipa, wala hayaguswi na p, yaani uwezekano wa mpigaji mwenyewe kupiga kushoto.

Tukiliweka hilo katika mfano wako, q ikiwa ni uwezekano wa kipa kuruka kushoto, kupiga kushoto kunaleta 50q + 80(1 − q), yaani 80 − 30q, na kupiga kulia kunaleta 90q + 60(1 − q), yaani 60 + 30q. Vikilinganishwa, q ni 1/3, na mpigaji anafunga mara 70 katika 100 popote apigapo. Kwa upande wa pili, p ikiwa ni uwezekano wa kupiga kushoto, kipa akiruka kushoto anafungwa 90 − 40p, na akiruka kulia anafungwa 60 + 20p, kwa hiyo p ni 1/2 na thamani ya mchezo, yaani kiwango cha kufunga katika msawazo, ni ileile 70. Kukutana kwa thamani hizo mbili ni kipimo kizuri cha hesabu yako: katika mchezo ambao faida ya mmoja ni hasara ya mwenzake, John von Neumann alithibitisha mwaka 1928 kwamba lazima zikutane, na zisipokutana, rudia hesabu.

Binafsi siridhiki na maelezo yanayosema kwamba mpigaji “analenga” kumfanya kipa asione tofauti kati ya pande mbili. Hakuna mchezaji mwenye lengo la namna hiyo. Kila mmoja anatafuta kilicho bora kwake, na usawa wa malipo ni sharti linalojitokeza tu pale ambapo wote wawili wamefika mahali ambapo hakuna anayefaidika kwa kubadilika peke yake.

Kokotoa alijibu:

Naongezea alipoishia Ndugu Kipimo, kwa sababu kanuni hii ina tokeo linalowashangaza wengi. Tuseme mpigaji amejinoa, na sasa akipiga kushoto huku kipa ameruka kulia anafunga mara 90 badala ya 80. Ukimuuliza mtu yeyote, atakuambia kwamba mpigaji huyo atapiga kushoto mara nyingi zaidi. Hebu kokotoa: kipa akiruka kulia sasa anafungwa 60 + 30p, na ukilinganisha na 90 − 40p, p inashuka kutoka 1/2 hadi 3/7. Wakati huohuo q inapanda kutoka 1/3 hadi 3/7. Mpigaji amekuwa bora kushoto, na bado anapiga kushoto mara chache zaidi, kwa kuwa kipa ameanza kuulinda upande huo na kuuacha upande wa kulia wazi kuliko awali. Mazoezi hayakupotea bure, kwani thamani ya mchezo imepanda kutoka 70 hadi karibu 72.9.

Katika michezo ambayo malipo ya mmoja si kinyume cha malipo ya mwenzake, jambo hili linaonekana waziwazi zaidi: ukibadilisha malipo yangu tu na ya mpinzani yakabaki vilevile, uwezekano wangu katika msawazo mseto hautikisiki, bali wake ndio unaobadilika.

Fumbo aliandika:

Nashukuru, hoja ya kwanza imenikaa. Ila inazaa nyingine: ikiwa kipa anaruka kushoto kwa 1/3 na pande zote zinamlipa mpigaji 70, kitu gani kinamfunga kwenye 1/2 hasa? Akipiga kushoto kwa 0.6 atapata 70 ileile.

Mizani alijibu:

Atapata 70 ileile maadamu kipa hajashtuka. Kipa akiligundua hilo, ataona kwamba kuruka kushoto kunamfungisha mara 66 na kuruka kulia mara 72, ataruka kushoto siku zote, na mpigaji atabaki na 66. Kinachomfunga mpigaji kwenye 1/2, basi, ni kwamba sehemu nyingine yoyote ingempa kipa sababu ya kuiacha 1/3 yake. Ndani ya msawazo wenyewe hakuna kinachomsukuma. Udhaifu huu ni wa kweli, na si wewe wa kwanza kuutilia shaka. John Harsanyi, mwaka 1973, alitoa jibu ambalo kwangu ndilo linalotosheleza zaidi: chukulia kwamba malipo ya kila mchezaji hutikisika kidogo kwa sababu anazozijua yeye peke yake, kama vile mpigaji anayehisi siku hiyo mguu wake ni mwepesi zaidi upande mmoja. Kila mmoja huwa na chaguo moja lililo bora waziwazi na hachezi bahati nasibu yoyote, lakini mpinzani asiyeijua siri hiyo huona mchanganyiko. Na kadiri mtikisiko unavyopungua, mchanganyiko anaouona hukaribia ule wa hesabu yetu.

Penalti zenyewe zimepimwa kwa takwimu za mechi halisi. Ignacio Palacios-Huerta alichapisha mwaka 2003 uchambuzi wa mikwaju ya wachezaji wa kulipwa, na akakuta kwamba kiwango cha kufunga hakitofautiani sana baina ya pande, na kwamba upande wa mkwaju mmoja hautabiri upande wa unaofuata. Miaka miwili kabla yake, Mark Walker na John Wooders walichunguza mipira ya kuanzishia katika mechi kubwa za tenisi na kukuta viwango vya ushindi vilivyo sawa vilevile, isipokuwa wachezaji hao walibadilisha upande mara nyingi kupita ambavyo bahati tupu ingefanya.

Kipimo alijibu tena:

Swali la mkakati wa tatu tusiliache. Milinganyo yako inagombana kwa sababu umedai mikakati yote mitatu ilipe sawa, ilhali sharti la usawa linahusu ile tu inayotumika kwa uwezekano ulio juu ya sifuri. Isiyotumika inatakiwa tu isilipe zaidi. Msawazo upo, na ni uleule wa mwanzo. Mkwaju wa juu unatoa 65, na kipa akiruka kushoto kwa 1/3 zile mbili zinatoa 70, kwa hiyo wa juu unaachwa. Angalia pia kwamba hakuna mkakati mmoja unaoushinda mkwaju wa juu kila mahali, maana kushoto huanguka hadi 50 na kulia hadi 60, lakini mchanganyiko wa nusu kwa nusu unatoa 70 kipa aruke kokote. Ndiyo maana kutafuta mikakati ya kufuta (ile inayoshindwa kila mahali) kwa kulinganisha mmoja na mmoja hakutoshi.

Chora mistari mitatu juu ya mhimili wa q, yaani 80 − 30q, 60 + 30q na 65. Kipa anatafuta q ambayo mstari ulio juu kuliko yote uko chini kabisa. Ukipandisha mkwaju wa juu kutoka 65 hadi 74, mstari huo wa bapa unapita juu ya makutano ya ile miwili, mpigaji anapiga juu kila mara, na kipa anaweza kutumia q yoyote kati ya 1/5 na 7/15.

Mikakati ikiwa mitatu kwa mitatu, utajaribu kundi la mikakati inayotumika dhidi ya kundi, na kila jozi inayokupa uwezekano hasi au mkakati wa nje unaolipa zaidi unaitupa. Jozi hizo ni 49. Ukishika zenye idadi sawa ya mikakati pande zote, zinabaki 19, na kwa tarakimu zisizo na sadfa za pekee hizo zinatosha. Mikakati kumi kwa kumi inazidi jozi milioni moja, na hapo mchezo wa faida kwa hasara hupelekwa kwenye upangaji mstari (mbinu ya kutafuta kilicho bora chini ya masharti ya mistari iliyonyooka), ambao kompyuta huutatua upesi. Michezo mingine ya wawili ina njia ya Lemke na Howson ya mwaka 1964, ambayo kwa kawaida hufika haraka ingawa ipo michezo iliyotungwa makusudi kuichosha.