Kibodi na mausi za Bluetooth zanitesa kwenye Ubuntu, nisaidieni

Kijana_wa_Bondeni: Salaam wakuu. Kibodi na mausi zangu ni za Bluetooth. Kwenye Ubuntu, mfumo wa kuendeshea kompyuta, zashika vizuri mchana kutwa, asubuhi zakataa katakata. Nazifuta, naziunganisha upya, kesho yake ni yale yale. Kazi za watu zalala. Nifanyeje?

Fundi_Likoni: Fungua bluetoothctl, programu ya amri za Bluetooth, uandike `trust` na anwani ya kibodi. Wengi huunganisha wakasahau hiyo.

Mama_Mahamri: Mie natumia ya waya, sina presha. Mausi ya mume wangu iliisha betri katikati ya fomu ya pasipoti. Alivyoninunia, utadhani betri ni mimi.

Kobe_wa_Nyali: Yangu ilikuwa ikirukaruka. Risiva, kile kidude cha kunasa mawimbi yake, nilikuwa nimeichomeka tundu la USB 3, ubavuni mwa diski ya nje. USB 3 hutoa kelele ya redio papo hapo kwenye 2.4 GHz, masafa ya risiva. Nikaiweka mwisho wa waya wa kurefushia, ikatulia.

Kijana_wa_Bondeni: Yangu haina risiva, kaka. Nimeshasema Bluetooth.

Fundi_Likoni: Usiku nani huigusa mashine?

Kijana_wa_Bondeni: Hakuna mtu.

Fundi_Likoni: Hakuna kabisa?

Kijana_wa_Bondeni: Mtoto wa dada hucheza gemu kidogo. Windows imo humo humo, wachagua ikiwaka. Lakini huko haina tatizo, huiunganisha mwenyewe.

Fundi_Likoni: Si ndiyo hiyo! Ubuntu na Windows zatumia Bluetooth moja, anwani moja. Akiunganisha Windows, kibodi yapokea ufunguo mpya wa siri wa kuunganishia na kuutupa ule wa Ubuntu. Anza kuunganisha Ubuntu, kisha Windows, halafu chukua ufunguo wa Windows kwenye rejista yake, ghala la mipangilio yake, uuandike kwenye faili ya kifaa ndani ya folda ya Ubuntu, /var/lib/bluetooth. Washa Bluetooth upya. Mausi vilevile.

Kijana_wa_Bondeni: Rejista naiogopa. Halafu nimeshatoa arubuni ya kibodi nyingine.

Fundi_Likoni: Ya risiva?

Kijana_wa_Bondeni: Ya Bluetooth. Ila hii ina namba pembeni.

Ustadh_Mpole: Mtoto yuko macho usiku kwa gemu, nyinyi mwajadili kibodi. Mlazeni.

Jicho_la_Kongowea: Uzi wa kutunga huu. Juzi kwenye uzi wa feri alisema hana kompyuta, hutumia ya saiba. Na kibodi ikiwa imekufa, haya aandika na nini?

Kijana_wa_Bondeni: Na simu! Na saiba ni yangu, mashine ndiyo hiyo.

Jicho_la_Kongowea: Mwenye saiba aombe ushauri wa kibodi?

Fundi_Likoni: Ya kutunga au ya kweli, dawa ni ile ile. Na ukiwa umefunga diski kwa nywila, weka kibodi ya waya karibu. Mashine ikiwaka, Bluetooth huwa haijaamka kupokea nywila.

Mama_Mahamri: Kama saiba ni yake, aseme kuprinti rangi ni pesa ngapi.

Kijana_wa_Bondeni: Shilingi tano.

Kobe_wa_Nyali: Rangi, tano, Bondeni? Jicho, nakuomba radhi. Huyu katungwa.