Corolla 110, injini 5A: ringi tu, boring, slivu au injini mtumba?

Kijana wa Chumbageni
Wakuu, salaam. Nina Corolla 110, injini 5A-FE. Inakula oili, na asubuhi ikiwashwa inatoa moshi wa bluu. Tumeifungua, pistoni ziko nje. Fundi wangu wa Ngamiani anasema tuweke ringi mpya (pete za pistoni), tupige msasa kidogo, tufunge. Wa gereji ya jirani anasema bila boring, yaani kuchonga silinda zipanuke, natupa hela. Mwingine kataja slivu, kuvisha silinda bomba jipya kwa ndani. Halafu kuna dalali ananipigia kila jioni, ana injini mtumba ya Japani. Nikipitisha ukucha juu ya silinda unakwama kwenye kingo. Gari hii inakwenda Pangani sana, na vumbi la kule mnalijua. Nishike lipi?

Mzee wa Makorora
Hao wote wanne wanaweza kuwa sahihi, na hakuna hata mmoja aliyepima. Hiyo kingo ni pale ringi ya juu inapogeuza safari: moto mwingi, mgandamizo mkubwa, oili kidogo. Juu yake ringi haifiki, ndiyo maana chuma kimebaki kama kilivyotoka kiwandani. Ukucha kukwama ni dalili tu.

Azima geji ya silinda. Pima sehemu tatu: chini kidogo ya kingo, katikati, na karibu na mwisho. Kila sehemu pima mara mbili, kwanza kwa kufuata urefu wa kranki (shafti inayozungushwa na pistoni), kisha kwa kuikingama. Upande wa kukingama ndiko pistoni inakoegemea, huko ndiko kunakolika zaidi. Vipimo viwili vya kimo kimoja vikitofautiana, silinda imekuwa yai. Vya juu na chini vikitofautiana, ni pana juu na nyembamba chini, na ringi itakuwa inapumua kila pistoni ikipanda na kushuka. Kipenyo cha silinda ya 5A ikiwa mpya ni 78.70 mm na pointi kidogo. Injini nyingi za Kijapani za miaka ile zinavumilia ulikaji wa kama 0.2 mm, basi.

Kijana wa Chumbageni
Shikamoo mzee. Geji hiyo hatuna. Fundi ana vernia, ile rula ya chuma yenye meno.

Mzee wa Makorora
Marahaba. Vernia kapimie bomba la maji.

Mkerezaji Pongwe
😂 Mzee leo kaamka vibaya. Ila kweli, meno ya ndani ya vernia hayakai sawa kwenye duara, na hapa tunatafuta 0.01 mm.

Kaka, una fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mianya? Chukua ringi moja ya juu, mpya, iingize kwenye silinda bila pistoni. Isukume kwa kichwa cha pistoni iliyopinduliwa ili ikae sawa. Pima mwanya wa ncha zake ikiwa chini kidogo ya kingo, kisha isukume hadi chini kabisa na upime tena. Toa mwanya wa chini kwenye wa juu, halafu gawa kwa 3.14. Jibu ndilo tofauti ya kipenyo kati ya juu na chini. Yai haitakuonyesha, lakini utajua umesimama wapi. Silinda zote nne, usipime moja ukaondoka.

Dereva wa Muheza
Mnamchosha kijana wa watu. Mimi nilinunua mtumba, nikafunga, nikaondoka. Wiki nzima gereji kwa ajili ya mahesabu!

Mama Spea
Shemeji, mtumba nao una silinda. Ukinunua, pima kompresheni (mgandamizo wa silinda) mbele ya muuzaji, na ukiweza ingiza kamera kwenye tundu la plagi uone kuta zake. Halafu namba ya injini imo kwenye kadi ya gari, ukibadili injini una safari ya TRA. Mimi nauza vyote, sina upande.

Kijana wa Chumbageni
Nimerudi. Silinda ya tatu: mwanya juu 0.75 mm, chini 0.36. Nyingine tatu tofauti ni kama 0.2 hivi.

Mkerezaji Pongwe
Ya tatu: 0.39 kwa 3.14, karibu 0.12 mm. Nyingine kama 0.06. Zingekuwa zote kama hizo tatu, na gari ya kuuza mwakani, ningekubaliana na fundi wako: ringi na honi, yaani kusugua silinda kwa mawe ya kunoa. Kwa hii ya tatu ringi mpya zitakudanganya miezi michache tu, moshi unarudi. Slivu kwa silinda moja inawezekana, bloku ya 5A ni chuma cha kuyeyusha na inakubali. Lakini utabaki na pistoni tatu za zamani na silinda tatu zilizolika. Nenda boring, 0.50 mm zaidi ya saizi ya kiwandani, zote nne. Kipenyo kinafika 79.20, na 1498 cc inakuwa kama 1517. Hutaisikia barabarani, usiwadanganye wenzako.

Sasa sikiliza hapa. Pistoni kwanza, boring baadaye. Usimpelekee mchongaji bloku tupu ukamwambia "piga 0.50". Mpelekee pistoni zenyewe. Anapima kila moja kwa maikromita, kwenye sketi (sehemu yake ya chini), kukingama pini inayoishika, kwa kimo kinachotajwa na kitabu cha injini. Kichwa ni chembamba makusudi, ukipima pale utapata uongo. Kisha anachonga silinda ifuate pistoni yake na kuacha nafasi ya kitabuni, sehemu ya mwisho akimalizia kwa honi. Zipigwe namba, ya kwanza iende ya kwanza.

Na zisipimwe zikitoka juani! Alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Pistoni ya saizi hii ikizidi joto kwa nyuzi 20 inaongezeka kama 0.036 mm. Mchana wa Tanga hizo si nyuzi nyingi. Acha bloku na pistoni zilale chumba kimoja usiku kucha.

Mzee wa Makorora
Ongeza: bloku ikitoka kuchongwa, ioshwe kwa maji ya moto na sabuni na brashi, si petroli. Petroli inaacha unga wa jiwe kwenye michirizi. Pitisha kitambaa cheupe chenye oili mpaka kitoke cheupe. Kisha paka oili palepale, hewa ya bahari hapa inaotesha kutu kabla ya chai.

Dereva wa Muheza
Haya, na mwenye injini ya 1NZ kama yangu?

Mkerezaji Pongwe
Hiyo bloku ni alumini, laina zake (bomba za chuma ndani ya silinda) ni nyembamba, kiwanda hakikuruhusu ichongwe. Wewe na mtumba wako mko sawa.

Kijana wa Chumbageni
Nimeelewa. Mama Spea, pistoni 0.50 na ringi zake unazo? Na kichujio cha hewa, cha zamani kimetoboka pembeni.

Mama Spea
Zipo. Njoo na maikromita yako, tunapima hapahapa dukani, kwenye kivuli.