Mapacha njiti: mbona Kulwa alihangaika kupumua kuliko Doto?

MamaMapacha: Habari wapendwa. Chupa ilipasuka wiki ya 32, homa juu, maji yananuka. Nikaambiwa ni maambukizi kwenye mfuko wa uzazi. Kulwa, aliyetangulia kuzaliwa, wa kiume, kilo 1.7, alikaa kwenye oksijeni siku 9. Doto, wa kike, kilo 1.5, siku 2 tu! Mama mkwe anasema nilimlalia. Kweli?

MkungaMstaafu: Pole, mwanangu. Hukumlalia. Mapafu ya wavulana huchelewa kukomaa. Ule ute unaozuia vifuko vya hewa visinywee huwatosha baadaye kidogo kuliko wasichana. Homoni za kiume zinachangia. Na maambukizi yakichochea uchungu mapema, mvulana ndiye anayekutwa hajajiandaa. Kawaida pacha wa pili ndiye wa kuhangaika, kwako imegeuka. Wodini tulikuwa tukiona njiti wa kike tunasema, "huyu mgumu." Ulichomwa sindano ya kukomaza mapafu?

MamaMapacha: Moja tu, ya pili sikuiwahi.

BabaNjiti: Wangu wa kiume alizaliwa wiki ya 31. Nilimbeba kifuani kwa mtindo wa kangaruu mpaka shati likanuka maziwa. Leo anapanda miembe.

MamaMapacha: 😂 Mama mkwe namsomea hii jioni.