Naomba ushauri: fokasi na flashi kwa buibui mrukaji

Hamjambo wapendwa. Niko Kisumu, napiga picha za Evarcha culicivora, yule buibui mrukaji wa ukanda wa Ziwa Victoria anayependa mbu walioshiba damu. Ana takriban milimita 5 tu. Kamera yangu ni ya kawaida, na lenzi ya milimita 18-55 nimeifunga kinyumenyume kwa pete ya kugeuzia, ili ikuze vitu vidogo.

Lenzi ikiwa kinyume, kamera haiwezi tena kuongoza tundu lake la kupitisha mwanga, kwa hiyo naliweka f/8 (tundu dogo) na kulibana libaki hapo kabla ya kuchomoa lenzi na kuigeuza. Uso wote unatoka vizuri, lakini ninapochungulia ni giza. Nasogeza kamera mbele na nyuma kwa kukisia. Nikifungua tundu hadi f/4 (kubwa zaidi) naona, ila miguu yote inapotea kwenye ukungu.

Flashi ya pembeni, kwa kasi ya 1/200 ya sekunde na ISO 200 (wepesi wa kamera kunasa mwanga), inaacha doa jeupe kali kwenye yale macho mawili makubwa, na macho ndiyo roho ya picha yake! Karatasi nyeupe mbele ya flashi imepunguza doa, haijaliondoa.

Mnatumia taa gani ya kuonea fokasi isiyomshtua? Na kilainisha mwanga kiwe na upana gani, umbali gani kutoka kwake? Natanguliza shukrani.