Programu huria ya ushirika wa kahawa bado iko Python 2: tuisafishe au tuiandike upya?

MtuWaMbale: Wakuu, habari za jioni. Niko Mbale, natunza programu huria inayotumiwa na vyama vya ushirika vya kahawa huku mlimani. Inapokea kilo za mkulima, inakata mkopo wa mbolea, inatoa malipo. Walioianzisha walishaondoka. Imeandikwa kwa lugha ya Python 2.7 na Django 1.8 (kiunzi cha kujengea programu za wavuti), majaribio ya kuhakiki msimbo hakuna hata moja, na faili ya malipo peke yake ina mistari zaidi ya elfu mbili. Kijana ninayefanya naye kazi anataka tuitupe tuandike mpya. Mimi nasita, maana watu wanalipwa kupitia humo. Nyinyi mngeanzia wapi?

Kibuye_Dev: Andikeni upya, ndugu. Python 2 iliachwa rasmi Januari 2020. Tundu la usalama likigunduliwa leo, hakuna wa kuliziba.

MamaSeva: Kibuye, kwenye usalama uko sahihi, kwenye dawa sikubaliani nawe. Netscape waliamua kuandika kivinjari chao upya. Toleo la 4 lilitoka 1997, la 6 likaja mwishoni mwa 2000, la 5 halikutoka kabisa, na muda wote huo mpinzani wao, Internet Explorer ya Microsoft, inawachukulia watumiaji. Hiyo mistari elfu mbili imebeba masharti ya ushirika ambayo huenda hayajaandikwa popote pengine.

Kaka wa Mbale, anza na malipo. Chukua hesabu za msimu uliopita, zipitishe kwenye programu kama ilivyo, hifadhi majibu. Hayo ndiyo majaribio yako ya kwanza. Hata jibu unaloona lina kasoro, lirekodi kwanza, ubishane nalo baadaye. Nakwambia hivi kwa sababu Python 2 ukigawa 7 kwa 2 inakupa 3, Python 3 inakupa 3.5, na 2to3, zana ya kugeuza msimbo wa Python 2 kuwa wa Python 3, haigusi alama ya kugawa. Programu itawaka vizuri, hutaona kosa lolote, ila mkulima atapata pesa tofauti.

FunditiGulu: Naongezea njia. Panda kwanza hadi Django 1.11, ndiyo ya mwisho kukubali Python 2, na Python 3 inaikubali pia. Ukiwa hapo, badilisha Python peke yake. Kisha Django 2.2, 3.2, 4.2, huku umewasha maonyo ya Python kwa kuiendesha na -Wd, uone vitu vinavyokaribia kuondolewa. Msimbo usioitwa na chochote futa, Git (zana inayotunza historia ya msimbo) inakumbuka.

MtuWaMbale: Asanteni sana, tunaanza na malipo. Ila data ya msimu uliopita ina majina na namba za simu za wakulima. Naweza kuiweka GitHub, kwenye hifadhi yetu ya msimbo iliyo wazi kwa wote, pamoja na majaribio?

MamaSeva: Hapana, kaka. Hapa Uganda tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Weka majina na namba za kubuni, acha kilo na bei. Na ufanye hivyo kabla ya kupandisha chochote, maana baadaye kufuta faili hakutoshi: inabaki kwenye historia ya Git, na kwa kila aliyekwisha kuinakili.