Naomba ushauri: maisha ya Brook Watson niyaanzie wapi?

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Naandaa wasifu wa ukurasa mmoja wa Brook Watson kwa wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, nimekwama. Yatima huyu, akiwa baharia wa miaka 14, aling'atwa na papa bandarini Havana mwaka 1749, mguu ukakatwa chini ya goti. Baadaye akawa mfanyabiashara tajiri London, mbunge kuanzia 1784, meya 1796. Lakini bungeni alitetea biashara ya utumwa.

Nimeandika mara mbili nikianza na papa. Kila nikiwasomea, wanamhurumia tu, la utumwa linapita hivihivi. Na kwenye mchoro wa tukio hilo la papa, uliochorwa na msanii John Singleton Copley mwaka 1778, aliyeshika kamba ya kumwokoa ni mtu mweusi! Inaniuma sana.

Je, nianzie bungeni? Na ile kamba niitaje mwanzoni au mwishoni?